Hakuwa Mtu wa Daa

Felista Hhando husahau majina ya watu, lakini midomo haisahau. Ukikutana naye sokoni Karatu miaka kumi baada ya kukung'oa jino, atakutazama tu kama mgeni. Ukicheka, hapo hapo atasema, "Ah, kumbe wewe! Gego la chini, kushoto. Mizizi ilikuwa imepinda."

Alizaliwa Endabash, mtoto wa nne wa mkulima wa mahindi na mbaazi. Alipokuwa kidato cha pili, baba yake aliumwa jino. Shavu likavimba, uvimbe ukashuka shingoni, na siku ya tano mzee akashindwa kuvuta pumzi, akafa. Watu walisema amerogwa. Felista alisema ni jino, akaambiwa anyamaze, mtu mzima hafi kwa jino. Alipomaliza shule akaomba chuo cha matabibu wa kinywa na meno, na tangu hapo, miaka zaidi ya ishirini, amekuwa kwenye chumba kimoja cha kituo cha afya nje kidogo ya mji wa Karatu. Kiti chake hakiinami tena. Ganzi huja na kuisha.

Mwaka 2021 walikuja watafiti kutoka chuo kikuu. Kiongozi wao aliitwa Daktari Dickson, mtu mpole, msomi wa meno. Mjini, kazi yake hasa ilikuwa kupandikiza meno: mtu aliyeng'oka jino anachomekewa jino jipya kwenye taya kwa skrubu, na kama taya imelika, anaongezwa mfupa kwanza, wanasubiri miezi ushike, ndipo jino liwekwe. Siku ya semina aliyowaandalia wahudumu, aliwaonyesha picha za kazi hiyo kabla ya kuingia kwenye mada.

Felista akauliza, "Daktari, huyo anasubiri miezi sita mfupa ushike?"

"Sita, hata tisa."

"Wa kwetu akisubiri miezi sita, anakuja na usaha."

Watu wakacheka, naye Daktari Dickson akacheka. Kisha akaeleza kilichomleta. Watu wanaoishi na VVU, alisema, hupata saratani za mdomo kuliko wengine, na wengi hugundulika wakati hakuna la kufanya. Alitaka kujua kama tabibu wa kawaida wa kituo cha afya, kwa macho yake na tochi, anaweza kuziona mapema. Kila mtu aliyekuja kliniki kuchukua dawa za kufubaza virusi angepita kwa Felista. Felista angetazama, angepiga picha kwa simu ya mradi, kisha angeandika moja kama ana shaka, sifuri kama hana. Picha zingekwenda kwa mabingwa wawili, nao wangeandika ya kwao. Mwisho wangelinganisha.

"Ila dada Felista," Daktari Dickson alisema, "majibu ya mabingwa hutayaona. Ukiyaona utaanza kuandika wanavyoandika wao, tutashindwa kukupima. Wakimwona mgonjwa wewe hukumwona, timu yetu itamfuata yenyewe."

Felista aliona ni haki. Akasaini.

Kwa miaka miwili alitazama midomo mia sita na kumi na miwili. Mtu wa aina yake alikuwa amepata kazi aliyozaliwa nayo. Alishika ulimi kwa shashi, akauvuta, akatazama ubavu huu, ubavu ule, chini, mpaka kwenye shina. Aliona madoa ya zambarau kwenye kaakaa za vijana, akawaandikia moja, wakakatwa kinyama kikapimwa, wakatibiwa, wakanenepa. Mama mmoja wa kijiji cha Daa alimletea kuku. Felista alianza kujiita, kwa utani, "jicho la serikali."

Siku moja ya mnada, Agosti 2022, aliingia mzee mmoja wa Kimasai, mrefu, shuka ya bluu, fimbo mkononi. Kwenye kadi aliandikwa Lazaro Simon, mkazi wa Daa. Felista alisoma kadi, akamtazama masikio yaliyotogwa, akatazama pengo la meno mawili ya mbele chini, akajua jina hilo si lake, akaiweka kadi mezani. Kliniki ile ilikuwa na watu wengi wa namna hiyo. Mtu hutoka mbali, hupita vituo vitatu vya dawa, ili achukue vidonge mahali ambapo hakuna shemeji wala jirani. Anatoa jina lisilo lake na kijiji kisicho chake, na wahudumu humwachia. Siku ya mnada huwa nzuri zaidi, kwa sababu mwanamume anayetoka nyumbani kwenda mnadani haulizwi.

"Meno yako yana rangi ya maji," Felista alimwambia. Yalikuwa ya kahawia, yenye michirizi, kama ya watu wote waliokunywa maji yenye madini tangu utotoni.

Mzee akacheka. Alikuwa na kovu kwenye mdomo wa chini, lililokaa kama alama ya tiki. "Hayo si maji ya Daa, daktari. Hayo ni ya Malambo, kule ng'ambo ya hifadhi."

"Najua, baba."

"Na kovu hili ni la fahali. Huyo alikufa, mimi nipo." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayelipa wema kwa wema, "Jina langu ni Lekishon. Nina kijana, Koinet, ni mlinzi wa loji hapa Karatu. Hajui ninakuja huku. Mke wangu pia hajui. Miaka kumi hawajui."

"Kwangu halitoki," Felista alisema.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na betri ya tochi ilikuwa inakufa. Nje walikuwa wamekaa watu thelathini na zaidi. Mzee Lekishon alikuwa anaangalia mlango, kwa sababu gari la wafugaji lililokuwa limpeleke Malambo lilikuwa linataka kuondoka. Felista aliuvuta ulimi, akatazama kushoto vizuri. Kulia alitazama mbele, na nyuma akapapasa kwa kidole tu. Alipiga picha pande zote kwa mwanga wa simu. Kisha akaandika sifuri.

"Safi, baba. Nenda na amani."

Mwaka uliofuata mradi ulifungwa. Simu ikarudishwa, gari likarudishwa, na watu wa kliniki hawakupita tena kwa Felista. Walichukua vidonge vya miezi sita dirishani, wakaenda zao.

Februari 2024 wadau waliitwa kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Karatu kusikia matokeo. Felista alivaa kitenge kipya, akakalishwa mstari wa mbele. Daktari Dickson alieleza kwa furaha. Kati ya watu mia sita na kumi na wawili, mabingwa walikuta kumi na wawili wenye dalili za kweli. Tabibu wa kituo, kwa macho yake na tochi, alikuwa amewaona kumi na mmoja.

"Kumi na mmoja!" Daktari Dickson alirudia. "Naomba tumpigie makofi dada Felista."

Ukumbi ukapiga makofi. Felista alisimama nusu, akakaa.

"Na huyu," Daktari Dickson akaendelea, akibadilisha picha ukutani, "ndiye yule mmoja aliyepita. Tazameni ubavu wa kulia, nyuma kabisa. Kidoa cheupe chenye wekundu katikati. Si rahisi kukiona."

Macho na pua vilikuwa vimekatwa kwenye picha ili mtu asijulikane. Ulibaki mdomo tu, mkubwa ukuta mzima. Meno ya kahawia. Pengo la chini. Kovu la fahali.

Felista hakunyoosha mkono. Alisimama.

"Huyu ameambiwa?"

Daktari Dickson alitazama karatasi zake. "Taratibu zilifuatwa, dada. Alipigiwa simu, namba haikupatikana. Timu ilikwenda Daa mara mbili, mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Hakuna aliyemfahamu. Tumemhesabu kati ya waliopotea."

"Daa si kwake."

"Unasemaje?"

"Huyu hakuwa mtu wa Daa. Ni mtu wa Malambo."

"Umejuaje?" Daktari Dickson aliuliza.

"Aliniambia mwenyewe. Alikaa kwenye kiti changu akaniambia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini, daktari? Mimi niliandika sifuri. Majibu yenu mlinificha. Mlimtafuta mtu nchi nzima, mkaacha kuniuliza mimi niliyemshika ulimi."

Mganga mfawidhi wa kituo, aliyekaa kiti cha tatu, alimvuta kitenge ili akae. Mshereheshaji akatangaza chakula cha mchana.

Mezani Daktari Dickson alimfuata, sahani mkononi, hajagusa kitu. "Utafiti ungeharibika kama ungeyajua majibu," alisema. "Unalielewa hilo."

"Nalielewa. Ungeharibika. Sasa umekuwa mzuri."

Daktari Dickson aliiweka sahani mezani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Felista zaidi, kwamba hakuwa na mtu wa kumchukia sawasawa. Daktari alimwandikia namba ya daktari bingwa wa upasuaji Moshi. "Ukimpata, nipigie. Nitahakikisha anapokelewa siku hiyo hiyo. Lakini mradi hauna tena gari, dada."

Miezi kumi na minane ilikuwa imepita tangu ile sifuri.

Kesho yake Felista alizunguka loji za Karatu akiulizia mlinzi anayeitwa Koinet. Ya nne ndiyo. Alitoka kijana wa miaka ishirini na kitu, sare imepigwa pasi, akasalimia kwa heshima.

"Mama, baba yangu ana nini?" aliuliza mara tu aliposikia jina la baba yake.

"Niliwahi kukutana naye mnadani, nikamwahidi dawa ya meno," Felista alisema. Ulikuwa uongo, na kijana hakuuamini, lakini alikuwa na jambo lake. "Bora umekuja. Baba hali nyama siku hizi. Anasema ulimi umeumwa na jino. Ananywa maziwa tu."

Felista aliomba ruhusa kazini, akanyimwa. Akaenda bila ruhusa.

Felista na Koinet walipita Lodoare, lango la hifadhi, alfajiri kwenye gari la wafanyabiashara wa ng'ombe, wakapanda kwenye ukungu, wakashuka upande wa pili kwenye tambarare kavu. Njia nzima alikuwa anafikiri jambo moja. Yeye, mwanamke wa hospitali kutoka Karatu, akifika bomani na kumwita mzee mmoja pembeni, kabla ya jioni kila mtu atakuwa anauliza kwa nini huyu tu. Siri ya miaka kumi na zaidi ingekwisha kwa mkono wake. Alikuwa amemkosea mtu yule mara moja, hakutaka kumkosea mara ya pili.

Kwa hiyo walipofika alisema amekuja kuwatazama watu meno, kwa sababu ya maji. Watu wote wa boma, mkubwa na mdogo.

Na kweli aliwatazama wote. Walipanga mstari mbele ya nyumba, akina mama na shanga zao, wazee, watoto waliokuwa wanasukumana. Aliwavuta ndimi kwa shashi mmoja mmoja. Aling'oa meno mawili ya watoto. Mke wa Lekishon, Eunike, mama mwembamba asiyesema sana, alifungua mdomo, akafunga, akaendelea kusimama karibu, mikono nyuma. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, shuka imefunika nusu ya uso. Alikuwa amemjua Felista tangu aliposhuka kwenye gari. Alimwacha afanye kazi yake yote. Alikuwa wa ishirini na sita, na wa mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

Harufu ilimfikia kabla hajainama. Mzee alijitahidi kufungua, mdomo ukafunguka upana wa vidole viwili. Ubavu wa kulia wa ulimi ulikuwa kidonda kigumu chenye kingo zilizoinuka. Chini ya taya kulikuwa na tezi kama punje ya harage kubwa, haisogei.

Felista alizima tochi.

"Uliniambia safi," Lekishon alisema kwa Kiswahili, taratibu, kwa sababu ulimi haukumtii.

"Nilikuambia."

"Nilipoanza kuumwa, nilisema hapana, si kitu. Daktari wa Karatu amenitazama. Mganga wa hapa aliponiambia niende hospitali, nilimwambia nimeshatazamwa."

"Nilikosea, baba. Sikutazama mpaka mwisho. Na wengine waliona, wakakutafuta Daa."

Mzee alitikisa kichwa. Alitazama ng'ombe waliokuwa wanarudi. "Daa," alisema, na ikawa kama anataka kucheka. "Mimi mwenyewe nilisema Daa."

"Kosa si lako."

"Si langu. Lakini nilisema."

Alikubali kwenda Moshi kwa sharti moja, kwamba ugonjwa uitwe jino. Felista alimpigia Daktari Dickson kutoka kwenye kilima chenye mtandao, naye alitimiza neno lake, mzee akapokelewa siku aliyofika. Koinet alimsindikiza, na Eunike, ambaye hakuna aliyemwita, alipanda gari akiwa na kibuyu cha maziwa, akakaa.

Siri ilidumu siku tatu. Kabla ya upasuaji muuguzi aliuliza dawa anazotumia mgonjwa. Lekishon alionyesha mfuko wake kwa kidevu. Koinet alitoa kopo la vidonge, akasoma maandishi.

"Hii si ya baba," alimwambia muuguzi. "Imeandikwa Lazaro."

"Ni yangu," mzee alisema.

Kijana alisoma tena, safari hii jina la dawa. Alikuwa amefika kidato cha nne, alilijua. Alitoka nje akasimama kwenye korido ya wodi. Eunike hakujua kusoma. Alitazama kopo, akatazama uso wa mumewe, akafunika uso wake kwa shuka. Kisha alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamnywesha maziwa kwa kijiko.

Walimkata zaidi ya nusu ya ulimi, na tezi za shingo. Baada ya hapo hakusema tena neno ambalo mtu angelielewa. Alirudi Malambo akiwa ameshika fimbo na kitambaa cha kufutia mate. Saratani ilikuwa imeshatembea. Alifariki mwezi wa kumi mwaka ule, mvua za vuli zikiwa hazijaanza.

Siku Felista aliporudi kazini kutoka Malambo, alikuta barua ya onyo mezani. Iliandikwa kwamba ameondoka kituoni bila ruhusa, na kwamba ametumia taarifa za washiriki wa utafiti nje ya utaratibu. Mganga mfawidhi alimwomba asaini kwamba ameipokea.

"Hukufanya vibaya," alimwambia bila kumtazama. "Lakini nikikuachia, kesho kila mtu ataondoka."

Alisaini.

Alimwandikia Daktari Dickson ujumbe, akamwomba jambo dogo. Kwenye andiko la utafiti, pale palipoandikwa kwamba mshiriki mmoja alipotea katika ufuatiliaji, paandikwe kwamba alipatikana, alikuwa Malambo, na alikuwa amechelewa. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Andiko lilikuwa limeshapelekwa, na takwimu zilifungwa siku mradi ulipofungwa. Daktari alimpa pole sana. Alimwambia pia kwamba, kwa sababu ya kazi yake nzuri, wizara inafikiria kuwafundisha matabibu wengine kutazama kama yeye.

"Hakupotea," Felista alimjibu. "Nilimkuta nyumbani kwake."

Hakuandikiwa tena.

Eunike alikuja Karatu mwaka uliofuata, siku ambayo haikuwa ya mnada. Koinet alimleta mpaka getini, akamwacha aingie peke yake. Hakujificha. Alikwenda moja kwa moja kliniki, akasema kwa Kiswahili cha kuhesabu maneno kwamba yeye ni mke wa Lekishon wa Malambo, ambaye wao walimwita Lazaro, na anataka damu yake itazamwe. Ilitazamwa mara mbili, siku ile na baada ya miezi mitatu. Hakuwa na virusi. Miaka yote ile mumewe alikuwa amemeza vidonge vyake bila kuruka hata siku moja, na dawa zilikuwa zimemkinga mke ambaye hakujua kuwa anakingwa.

Mhudumu aliyempa majibu alitabasamu, akitegemea mama atafurahi. Eunike aliuliza tu, "Alikuwa anajua kwamba mimi sina?"

"Nadhani hakujua, mama. Hakuwahi kukuleta."

Eunike aliinuka, akauliza chumba cha meno ni kipi.

Felista alimjua alipofungua mdomo kuongea. Alianza kusema pole, maneno aliyokuwa ameyatayarisha kwa miezi, lakini Eunike alinyoosha mkono kumzuia. Alikaa kwenye kiti kisichoinama, akavua shanga za shingoni, akaziweka mapajani.

"Tazama," alisema.

Felista aliwasha tochi, akauvuta ulimi kwa shashi. Kushoto, kulia, chini, shina. Alichukua muda.

"Hakuna kitu, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimasai. "Pazuri."

Eunike hakufunga mdomo. Alimtazama Felista usoni, macho makavu, akazungumza kwa shida ulimi ukiwa bado umeshikwa.

"Tazama tena."

Felista akatazama tena.